Baka la Maji Ukutani: Latoka Wapi?

Kila mwaka mvua za masika zinapokwisha, huonekana katika nyumba nyingi baka jeusi ukutani ambalo mwaka uliotangulia halikuwapo. Mwenye nyumba hulitazama, hukasirika, kisha humwita fundi. Fundi hubandua lipu ya zamani, hupiga lipu mpya ya saruji, hupaka chokaa, hupokea ujira wake akaenda zake. Nyumba hupendeza kwa miezi michache. Mvua zikirudi, baka nalo hurudi pale pale, na mara nyingi huwa kubwa kuliko lile la kwanza. Hapo watu husema kwamba fundi ni mwivi, au saruji ilikuwa mbovu, au kiwanja kile kina mkosi. Kumbe lililotengenezwa ni doa tu, na maji yenyewe hayakuulizwa yatokako.

Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ya kutafuta asili ya baka la maji. Jambo hili si la urembo. Nyumba nyingi za vijijini hujengwa kwa matofali mabichi yaliyokaushwa juani, au kwa miti na udongo. Udongo mkavu una nguvu ya kuchukua paa, bali udongo uliolowa hurudi kuwa tope, na ukuta uliolowa chini huku umebeba mzigo juu waweza kuanguka usiku watu wamelala. Tena ukuta wenye unyevu huota kuvu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kwamba watu wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na maradhi ya kifua na pumu. Na mchwa nao hupenda unyevu, hata mara nyingi mlango wao wa kuingilia katika mbao za nyumba ni pale pale penye baka.

Maji hufika ukutani kwa njia tano: kutoka chini ardhini, kutoka nje ubavuni, kutoka juu paani, kutoka ndani katika mabomba na vyombo vya maji, na kutoka katika hewa. Kila njia ina dalili zake. Mtu akitaka kuzijua, na aulize mambo matatu kabla ya kugusa mwiko: baka liko wapi, lina umbo gani, na hukua wakati gani.

Swali la tatu ndilo watu walisahaulo, nalo ndilo lenye faida kuu. Twashauri hivi. Chukua kalamu ya risasi au kipande cha mkaa, uchore mstari ukifuata ukingo wa baka, uandike tarehe kando yake. Kila siku tatu uchore mstari mwingine kama baka limeongezeka au limepungua. Katika daftari uandike siku zilizonyesha mvua, na siku zilizokuwa za jua, na siku za baridi au za hewa nzito. Baada ya wiki tano au sita ukuta wenyewe utakuwa umetoa ushahidi. Baka likualo siku ile ile ya mvua, kisha likanywea baada ya siku chache, ni la paa au la mvua ya ubavuni. Baka lichelewalo kukua, likaendelea kupanda hata mvua zimekwisha, hudhaniwa kuwa la ardhini. Baka lisilojali mvua wala jua ni la bomba au la chombo cha maji. Na baka litokalo asubuhi za baridi, au siku za hewa nzito bila ya mvua kunyesha, ni la hewa.

Njia ya kwanza ni ardhi. Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba maji hupanda, kwa maana wameyazoea yakiteremka. Lakini na watazame utambi wa koroboi: ncha yake ya chini imo katika mafuta, na mafuta hupanda mpaka penye moto bila ya mtu kuyavuta. Tofali, udongo na lipu vina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo huyanywa maji ya ardhi kama utambi unywavyo mafuta. Baka la namna hii huanza sakafuni, hufuata urefu wa ukuta wote badala ya kukaa mahali pamoja, na ukingo wake wa juu huwa kama mstari uliolala. Ni mara chache kupita mita moja au moja na nusu kutoka chini. Juu ya ukingo ule huonekana unga mweupe, na lipu humomonyoka ikishikwa. Unga ule ni chumvi ya ardhi: maji yapandapo huichukua, nayo yakikaukia hewani huiacha. Nyumba mpya hukingwa kwa kutandaza nailoni nene au lami juu ya msingi, sentimita 15 au zaidi juu ya ardhi, kabla ya ukuta kuanza kupanda. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, dawa ya kwanza ni kuondoa maji yanayosimama karibu na msingi, kwa kuchimba mfereji na kuinamisha uwanja upate kuyapeleka mbali.

Njia ya pili, ya ubavuni, hufanana sana na ya kwanza, na mafundi wengi huzichanganya. Hapa yafaa tufanye hesabu kidogo, na walimu waweza kuwapa watoto darasani. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 hufunika mita za mraba 48. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa usiku mmoja, paa lile limepokea lita 2,400, yaani madebe 120 ya lita 20. Kama paa lina migongo miwili na halina mchirizi wa kuyakusanya, madebe 60 yameanguka chini ya ukuta wa mbele na madebe 60 chini ya ukuta wa nyuma. Ni nani angemkubalia jirani yake amwage madebe 60 ya maji penye msingi wake kwa usiku mmoja? Lakini paa lake mwenyewe hufanya hivyo kila mvua inyeshapo, naye halioni.

Dalili za njia hii zatafutwa nje, si ndani. Tazama kama matone yamechimba kijifereji ardhini chini ya ukingo wa paa. Tazama kama ukuta una madoa ya tope yaliyoruka kutoka chini, na kama sehemu yake ya chini imeliwa ikawa nyembamba. Kisha pima kwa fimbo kimo cha udongo wa nje ukilinganisha na sakafu ya ndani. Katika nchi za milima, kama Usambara na Uluguru, nyumba nyingi hujengwa katika kiwanja kilichokatwa ubavuni mwa mlima, na udongo wa juu hukaa kama umeegemea ukuta. Hapo baka litaonekana katika ukuta mmoja tu, ule uelekeao mlimani, na kuta tatu nyingine zitakuwa kavu. Dalili hiyo yatosha peke yake kutofautisha. Dawa yake ni kuondoa udongo ulioegemea ukuta, kuchimba mfereji upande wa mlimani, kulichomoza paa nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi, na penye uwezo kutia mchirizi wa bati, ule mafundi wauitao gata. Maji yale yakikusanywa katika pipa au tangi, adui wa ukuta huwa rafiki wa jikoni.

Njia ya tatu ni paa. Baka lake huanza juu, huteremka kama ulimi, na likikauka huacha pete za rangi ya chai. Watu hudhani kwamba tundu liko juu ya baka hasa. Mara nyingi sivyo. Maji yaingiapo penye tundu la msumari hutambaa juu ya boriti hatua nyingi, mpaka yapate mahali pa kudondokea. Ili kulipata tundu, ingia ndani mchana wa jua, ufunge milango na madirisha, utazame juu penye giza: nuru itapenya penye matundu. Uangalie pia misumari. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati, si katika bonde lake, kwa sababu maji hupita bondeni. Kama hujaona kitu, fanya jaribio la maji. Mtu mmoja akae ndani atazame, mwingine amwage maji paani, akianza chini karibu na ukingo, kisha apande kidogo kidogo. Asianze juu, kwa maana maji ya juu yatapita mahali pote, wala hatajua yameingilia wapi.

Njia ya nne ni maji ya ndani. Kwa nyumba yenye bomba na mita, jaribio ni jepesi. Usiku watu wakienda kulala, fungeni mifereji yote ya maji, muandike hesabu iliyo katika mita. Asubuhi, kabla ya mtu kuchota, isomeni tena. Kama hesabu imeongezeka na hakuna aliyefungua, bomba lavuja mahali. Kwa nyumba isiyo na bomba, kuna mambo ambayo macho yameyazoea hata hayayaoni: mtungi wa maji uliowekwa ukutani miaka mingi, bafu la makuti lililojengwa nyuma ya chumba cha kulala, mahali pa kuoshea vyombo, maji ya kuogea yanayomwagwa pale pale kila jioni. Hamisha mtungi kwa mwezi mmoja, uone mistari yako ya mkaa itasemaje. Jaribio hilo halina gharama yoyote.

Njia ya tano ni hewa, nayo ndiyo iwashangazayo watu kuliko zote, maana baka huja bila mvua wala bomba. Bilauri yenye maji baridi hutoka jasho kwa nje, ingawa haina tundu. Jasho lile limetoka hewani: mvuke usioonekana umegusa kitu baridi ukageuka maji. Katika nchi za baridi, kama Njombe na Mbeya, miezi ya Juni na Julai, bati na kuta huwa baridi usiku. Watu watano au sita wakilala chumba kimoja madirisha yamefungwa, pumzi zao hufanya jasho chini ya bati na katika pembe za kuta, na alfajiri matone hudondoka kama paa lavuja. Mwenye nyumba hupanda juu kutafuta tundu lisilokuwapo. Baka la namna hii hupenda pembe, na nyuma ya makabati na masanduku, mahali ambapo hewa haipiti. Jaribu hivi: futa ukuta vizuri, ubandike kipande cha nailoni, kingo zote nne zishike kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Maji yakionekana juu ya nailoni, upande wa chumbani, yametoka hewani. Yakionekana nyuma yake, upande wa ukutani, yametoka ndani ya ukuta. Dawa ya maji ya hewa ni hewa: fungua madirisha mchana, pikia mahali ambapo moshi na mvuke hupata njia ya kutoka, sogeza masanduku mbali na ukuta.

Pwani kuna ndugu wa njia hii ya tano, naye ni chumvi. Mafundi wengine huchanganya lipu na mchanga wa bahari kwa sababu ni rahisi kupatikana. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, na pwani yetu siku za namna hiyo ni nyingi. Kila mpishi wa pwani ajua jinsi chumvi ya kikombeni inavyolowa yenyewe. Ukuta wenye chumvi hufanya vivyo hivyo: hulowa mahali pale pale siku ya hewa nzito, hukauka siku ya upepo mkavu, wala haujali kama mvua imenyesha. Ukuta wa chumba kilichokuwa zizi la mbuzi au ghala la chumvi waweza kufanya hivyo miaka mingi baada ya mbuzi na magunia kuondoka. Unga wake usioshwe kwa maji, kwa maana maji huurudisha ndani ya ukuta. Na ufagiliwe ukiwa mkavu, ukatupwe mbali. Lipu ile iondolewe, ipigwe nyingine kwa mchanga wa mto.

Sasa tuchukue mfano ili mambo haya yaonekane yakitenda kazi pamoja. Tuseme katika darasa moja la shule kuna baka pembeni, chini, lenye kimo cha sentimita 80. Wazee wanasema ni maji ya ardhi, na kamati iko tayari kununua saruji. Mwalimu anachora mistari yake kwa wiki sita. Anaona kwamba baka hukua siku ile ile ya mvua. Maji ya ardhi hayaendi mbio hivyo. Anaona liko katika pembe moja tu, na kuta nyingine ni kavu. Maji ya ardhi yangefuata ukuta wote. Ndani hapana alama yoyote kati ya dari na baka, basi si tundu la bati. Anatoka nje wakati mvua inanyesha, na hapo anaona kiungo cha mchirizi kimeachana penye pembe ile, na maji ya nusu ya paa yanamiminika chini ya ukuta kama kutoka ndooni. Kumbe kazi iliyohitajiwa ni ya kiungo kimoja cha bati. Saruji ya kamati ingefunika baka hadi masika ya pili, na fedha ya shule ingekwenda na maji.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya saruji. Saruji ni kitu chema mahali pake, lakini ni ngumu na hubana. Ukuta wa udongo, wa matofali mabichi, au wa mawe na chokaa, hunyonya maji kidogo na kuyatoa tena hewani. Ukipigwa lipu ya saruji, maji yaliyomo hukosa mlango. Hupanda juu zaidi kuliko kwanza, au hukaa nyuma ya lipu yakiulainisha udongo kwa siri, na kwa nje ukuta huonekana mzuri. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole: ikilia kama ngoma, imekwisha kuachana na ukuta. Wajenzi wa kale wa pwani walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zao huko Kilwa Kisiwani zimesimama karne nyingi. Hata hivyo chokaa nayo haimwokoi asiyeangalia. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, iliachwa miaka mingi bila matunzo ya kutosha, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kuitengeneza ikiendelea, sehemu yake ilianguka ikaua watu wawili. Maanguko makubwa kama yale huwa na sababu nyingi zilizokusanyika, wala hatusemi kwamba ilikuwa moja. Twasema tu kwamba hata jumba la sultani hutaka mtu wa kulitazama.

Basi utaratibu ni huu. Kama ukuta umepinda, au umepasuka ufa unaoongezeka, au udongo wake wa chini umelainika hata kidole chaingia, watu wahame chumba kile kwanza, uchunguzi utafuata. Kama hakuna hatari hiyo, chora mistari, andika siku, jaribu njia moja baada ya nyingine, ukianza na zile zisizo na gharama. Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, kwa sababu baka likipungua hutajua ni lipi lililosaidia. Ukiisha kuziba njia ya maji, ngoja. Ukuta mnene haukauki kwa wiki moja: mafundi huhesabu mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wake. Baka likiwa bado lipo mwezi wa pili, lakini mistari yaonyesha linanywea, dawa imefaa. Lipu mpya na rangi ni kazi ya mwisho kabisa.

Twawaomba machifu na wazee wa vijiji waangalie jambo hili katika majengo ya watu wote: shule, zahanati, mabaraza na nyumba za walimu. Mtu mmoja na azunguke kila jengo nje na ndani siku ya mvua kubwa, wakati maji yanapoonyesha njia zake mwenyewe, na aandike alichokiona. Walimu nao wawape wanafunzi wakubwa kazi ya kupima mabaka na kuhesabu madebe ya mvua. Watajifunza hesabu na kuiokoa shule yao kwa pamoja. Na mwenye nyumba anayesoma haya akiwa na baka ukutani, asimwite fundi leo. Leo na atafute kipande cha mkaa.